Mume Wangu Anasema Mtoto Asubiriwe Akauke Kama Mpunga

Anti Juliana mpendwa, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza shida za watu usiowajua, leo na mimi nimejiunga nao, naomba unishike mkono na nitashukuru usiponicheka, ingawa nyumba yangu ilivyo sasa hivi kuna saa hata mimi nacheka peke yangu halafu nakumbuka kwamba natakiwa kulia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, sisi ni Wahindi wa hapahapa Rujewa, babu wa mume wangu ndiye aliyeanzisha mashine yetu ya kukoboa mpunga, na mimi nimezaliwa Iringa mjini nikaolewa huku, kwa hiyo usione jina ukadhani nimeandikiwa na mtu, naandika mwenyewe hapa kaunta huku mashine inanguruma na vumbi la pumba linaingia kwenye chai.

Mtoto wetu anaitwa Kinjal, ana miaka miwili na nusu, ni msichana mzuri mpaka wateja wanasahau walichofuata, lakini hasemi. Alikuwa ameanza, Anti, alikuwa anasema "Ba", ndivyo tunavyomwita bibi yake, na "maji", halafu maneno yakapotea mojamoja kama vile kuna mtu ameyafuata kuyachukua, na sasa ukimwita jina hageuki, ukimwonyesha ng'ombe anaangalia kidole chako, yeye mwenyewe haonyeshi kitu kwa kidole, akitaka kitu anakushika mkono wako anauvuta hadi kwenye kile kitu kana kwamba mkono ni wake. Tulidhani hasikii, tukampima masikio, yako salama, na kweli akiwa chumba cha mwisho anasikia mfuniko wa kopo la biskuti. Anachopenda kuliko vyote ni mawe ya mizani, anayapanga sakafuni kutoka kubwa hadi dogo, anayatazama, anapiga makofi, na ukichukua moja kumpimia mteja ni kilio ambacho mashine yenyewe haikizidi, sasa wateja wameshazoea, mtu akitaka kilo mbili anakaa juu ya gunia anasubiri Kinjal aridhike.

Nesi wa kliniki akatuambia twende Mbeya, tukaenda mimi na mume wangu Akash, tukaonana na mtaalamu wa maendeleo ya watoto, dada mmoja anaitwa Blessing, akakaa chini sakafuni na Kinjal muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akatuambia anaona dalili za usonji, kwamba daktari atamwangalia zaidi lakini tusingoje kila kitu kikamilike ndipo tuanze, tuanze sasa, tuwe tunakwenda kwake mara moja kwa wiki na siku zilizobaki tunafanya wenyewe nyumbani atakavyotufundisha. Akash akaitikia kwa kichwa, ndiyo dada, sawa dada, asante dada. Njiani kurudi, tulipofika Chimala, akaanza.

"Wewe umekulia mjini, hujui mpunga," akaniambia. "Mpunga ukiukoboa kabla haujakauka unapata nini? Chenga tupu! Mtoto naye muache akauke kwanza. Mimi mwenyewe nilianza kusema nina miaka minne, na sasa nani ananinyamazisha?"

Na kweli, Anti, hakuna anayemnyamazisha.

Nyuma alikuwepo Zabron, fundi wetu wa mashine, tulimpa lifti, akadakia, "Kweli bosi, chenga wanakula kuku." Basi kikao kikafungwa, imeamuliwa tusubiri mpaka Kinjal afike miaka minne, na akiwa bado hasemi tutampeleka India kwa wataalamu wakubwa.

Lakini Akash si mtu wa kukaa bure, anampenda mtoto huyu kupita maelezo, akasema wakati tunasubiri tuondoe kinachomchanganya, maana nyumbani kwetu Ba anaongea Kigujarati, mimi Kiswahili, wapagazi Kisangu, televisheni Kiingereza, mtoto atashika ipi? Na kwa kuwa chekechea atakayokwenda ni ya Kiingereza, ikatoka sheria kwamba mbele ya Kinjal ni Kiingereza tu. Mimi nilikubali, tena mimi ndiye niliyekuwa askari wake. Sasa Ba, yaani mama mkwe wangu Manjula, Kiingereza chake ni cha dukani, anajua gudimoning, thenkyu na no kredit. Basi ikawa mtoto akiamka anaambiwa gudimoning, akila anaambiwa thenkyu, akilia anaambiwa no kredit. Zabron alicheka mpaka akazima mashine.

Ba lakini ndiye aliyenifanya nikuandikie. Zamani kila jioni akipika rotli, zile chapati zetu nyembamba zinazofura juu ya moto, alikuwa anamkalisha Kinjal kwenye stuli karibu yake, anaimba kiwimbo cha Kigujarati alichojitungia mwenyewe cha rotli inayojaa upepo. Baada ya sheria nikamkuta siku moja amefunga mlango wa jikoni, anaimba chinichini, na kabla rotli haijafura akanyamaza, koleo liko hewani, anamwangalia mtoto tu. Kinjal akamshika sari, akamwangalia usoni, akasema "uuu", na hapo Ba akamalizia kwa sauti, "Fuli gai!", yaani imefura, na mtoto akacheka. Mimi nikasukuma mlango nikasema, "Ba, sheria!"

Akafuta mikono kwenye sari. "Haya dikri yangu," akasema, ndivyo anavyoniita, binti. "Mdomo yangu mmefunga. Nitakaa kama picha ya ukuta."

Tangu siku hiyo rotli anapika mchana Kinjal akiwa amelala. Na Kinjal jioni anaingia jikoni mwenyewe, anapanda stuli, anakaa mbele ya jiko lisilo na moto. Hasemi uuu. Anakaa tu, halafu anashuka anarudi kwenye mawe yake.

Nimalizie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Akash akisema tusubiri, mimi mdomoni nabisha lakini rohoni napumua, kwa sababu tukisubiri lile neno usonji linabaki kulekule Mbeya, halipandi gari kuja Rujewa, na Kinjal anaendelea kuwa mtoto anayechelewa kidogo kama baba yake. Naona aibu kuandika hivi. Blessing ametushikia nafasi, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi maana wapo wengine wanaoitaka. Je, Anti, ni kweli miezi michache au mwaka mmoja na nusu una tofauti yoyote kwa mtoto mdogo hivi, au nimwache akomae? Na Ba nimfanyeje, maana hanuni, hasemi, anatabasamu tu, na hilo ndilo linaloniua.

Ni mimi, Mama Kinjal, Rujewa.

ANTI JULIANA ANAJIBU

Kamwene, Mama Kinjal. Uliomba nisicheke na nimeshindwa. Nilipofika kwenye mtoto analia na bibi anamwambia no kredit, niliweka kikombe chini kisije kunimwagikia. Halafu nikafika kwenye stuli na jiko lisilo na moto. Hapo, mwanangu, niliisoma barua yako upya tangu mwanzo.

Jibu nakupa mapema ili usihangaike kulitafuta: usisubiri. Mpigie Blessing leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mwambie mnakuja. Umeshapiga? Haya, tuendelee.

Tuanze na Akash na mpunga wake. Mume wako anajua kukoboa, sina ugomvi naye, na mchele wa huko kwenu Mbarali naula kila Jumapili kwa heshima zote. Ila amekosea hatua. Mpunga unaokaushwa umeshamaliza kukua, baba wa watu! Umevunwa, umepigwa, kilichobaki ni kuuvua ganda. Mtoto wa miaka miwili na nusu yuko wapi na mashine? Huyo ni mche, bado yuko kitaluni. Mwulize Akash, au mwulize mkulima yeyote anayemletea magunia, mche unahamishiwa kwenye jaruba ukiwa na umri gani. Atakwambia mapema, ungali mdogo, maana ukiuchelewesha kitaluni unashika ardhi lakini machipukizi yanakuwa machache. Hiyo ndiyo hesabu ya Kinjal. Mwambie Akash hivyo wakati wa chakula, na kama Zabron yupo, mwambie hii haihusu kuku.

Mimi si daktari. Kabla ya kukujibu nilimtafuta daktari wa watoto hapa Iringa, nikamsomea barua yako bila jina, na alichoniambia nakupa kwa maneno yangu. Ubongo wa mtoto katika miaka ya mwanzo unajijenga kwa kasi ambayo hairudi tena. Kila mtoto anapokuangalia usoni, anapokuiga, anapotoa sauti na wewe ukaijibu, kuna njia inafunguka kichwani mwake, na njia hiyo ndiyo maneno yatakayopitia baadaye. Mtoto mwenye usonji fursa hizo zinampita, kwa sababu macho yake yako kwenye mawe ya mizani. Kwa hiyo tunamfuata tukamletee sisi. Waliowachunguza watoto hawa wameona, kwa jumla, kwamba wanaoanza wakiwa na miaka miwili au mitatu hupiga hatua zaidi katika kuongea na kujihudumia kuliko wanaoanza baadaye. Nasema kwa jumla. Wapo walioanza mapema wakaenda polepole, na wapo waliochelewa wakatushangaza. Wala asikudanganye mtu kwamba usonji unaponywa. Kinjal atakuwa Kinjal, na mawe yake huenda akayapenda mpaka awe mwalimu wa hesabu. Tunachotafuta ni aweze kukwambia anachotaka bila kukuvuta mkono.

Sasa sikia hesabu nyepesi. Ukianza leo, halafu ikaonekana kumbe alikuwa anachelewa tu kama baba yake, umepoteza nini? Umepanda gari kwenda Mbeya na kucheza na mwanao. Ukisubiri, halafu ikaonekana alikuwa anahitaji, mwaka huo na nusu utauombea wapi? India hawauzi.

Na hilo la Akash kuanza kusema na miaka minne nimelisikia kwenye familia nyingi mpaka nimechoka, kila ukoo una mjomba mmoja aliyechelewa kusema na sasa ni mwanasheria. Sawa, wapo. Lakini tatizo la Kinjal halikuanzia kwenye kuchelewa. Hageuki akiitwa, haonyeshi kwa kidole, na maneno aliyokuwa nayo yamepotea. Maneno yakipotea hatukai kusubiri yarudi, tunakwenda kuwaona wanaojua. Mwulize Ba kama Akash naye alikuwa hivyo. Nina wasiwasi Akash wa miaka miwili alikuwa anaonyesha biskuti kwa kidole mchana kutwa.

Nakuja kwako sasa, askari wa sheria. Kaa vizuri.

Nani aliwaambia Kigujarati kinamchanganya mtoto? Huku kwetu Nyanda za Juu kuna mtoto gani anayekua na lugha moja? Wa Tukuyu anaongea Kinyakyusa na mama yake, Kiswahili shuleni, na hakuna anayempeleka hospitali kwa kosa hilo. Usonji hauletwi na lugha nyingi, na mtoto mwenye usonji hazidi kuumia kwa kusikia lugha mbili. Kinachomuumiza ni kunyimwa mtu. Mlimnyang'anya Kinjal mtu anayezungumza naye kwa moyo wote, mkampa televisheni na gudimoning. Nimekasirika kidogo, ndiyo, na nina haki.

Maana hujaona ulichoniandikia, Mama Kinjal! Umejaza ukurasa na mambo ambayo mtoto hafanyi, halafu katikati, ukiwa unamshitaki mama mkwe, ukaniandikia kwamba mtoto alishika sari, akaangalia uso wa mtu, akatoa sauti kuomba kitu, akacheka. Mtoto huyohuyo! Nilimsomea daktari hiyo sehemu mara mbili. Akasema mtu amkalishe mtoto karibu na kitu anachokipenda, afanye jambo lilelile kwa wimbo uleule, halafu akate ghafla pale panaponoga na kumngoja mtoto aombe, ndivyo hasa Blessing atakavyowafundisha. Ba hajui kama hiyo ni tiba. Yeye alikuwa anampenda mjukuu na kuchoma chapati. Lakini matibabu ya Kinjal yalikuwa yameshaanza jikoni kwako, na wewe ukaingia ukayasimamisha.

Haya, usilie. Au lia kidogo, halafu tuendelee, maana nimesikia na ile ya mwisho uliyosema unaona aibu. Mimi sikuonei aibu. Kila mama aliyewahi kuambiwa neno zito ofisini kwa mtaalamu ametamani kulisahau kwenye kiti. Ila neno halikumfanya Kinjal awe tofauti na alivyokuwa asubuhi ile mlipoondoka Rujewa. Limekusaidia kujua ushike njia ipi. Na wala si wewe uliyemsababishia, si maziwa yako, si chanjo, si jicho la mtu. Ukilitamka mara tatu kwa Zabron na wapagazi litazoeleka, utashangaa. Na atakayelisema kwa dharau dukani kwako, mpe lile neno la Ba: no kredit.

Kwenda Mbeya muende wote wawili, wewe na Akash, angalau safari za mwanzo, na siti ya mbele akae Ba. Aone kwa macho yake mtaalamu anavyofanya alichokuwa anakifanya yeye, na Blessing naye aone ana msaidizi Rujewa. Ile siku moja kwa wiki haitoshi peke yake. Kazi yenyewe iko kwenye kuoga, kula, kuvaa viatu, kila saa kidogokidogo, na nyumba yenu ina mikono mingi na midomo mingi, ambayo sasa naifungua rasmi. Ba aseme Kigujarati, wewe Kiswahili, wapagazi wamsalimie kwa Kisangu, na Akash aongee anachotaka kwani hata tukimkataza hatatusikia. Mawe ya mizani msimnyang'anye. Mtafutieni yake ya zamani, kisha Akash, mwenye mashine, avue viatu, akae sakafuni apange naye, moja la mtoto, moja la baba, zamu kwa zamu. Akipanga vibaya makusudi nadhani ataangaliwa usoni vikali sana, na hiyo pia ni hatua. India nendeni kusalimia ndugu.

Na wewe msomaji mwingine, ambaye mwanao ana miaka sita au tisa na umesoma hapa ukashika kichwa, kiachie. Bora mapema, lakini hakuna umri ambao mlango unafungwa. Mche uliochelewa nao unapandwa, unamwagiliwa, unazaa. Mapema yako wewe ni leo.

Nabakiza jambo moja, Mama Kinjal, na hili ni la jioni hii hii. Kinjal akiamka, mchukue mkono, nendeni kwa Ba. Mwombe radhi, na umwombe kwa Kigujarati, mtoto akiwa anasikia. Washa jiko. Mweke Kinjal kwenye stuli yake, wewe uchuchumae macho yako yawe usawa wa macho yake, na Akash asimame mlangoni, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu alipofikisha miaka minne. Ba aimbe. Rotli ikianza kunyanyuka na Ba akanyamaza, nanyi nyamazeni wote, msimsaidie mtoto, msimwambie sema.

Uliniuliza kama msubiri. Subirini hapo.